Tembo, mamba na kiboko kwenye fedha ya Roma

Watu wengi wanaoandika kuhusu sarafu za fedha za Roma ya kale huanza na nyuso: shingo nene ya Nero, ndevu za Hadrian, kipara cha Vespasian. Sina ugomvi na nyuso hizo, lakini mimi ninayeishi Jinja, Uganda, mahali ambapo Nile hutoka ziwani na kuanza safari yake ndefu, huigeuza sarafu kwanza nione upande wa pili, kwa sababu huko ndiko wanyama wa bara letu walikoingilia mifukoni mwa Warumi. Tembo wapo, mamba yupo, kiboko yupo, na simba wapo. Nimekuwa nikizitazama sarafu hizi kwa miaka, hasa kupitia picha ambazo makumbusho makubwa ya Ulaya na Marekani yamezifungua kwa kila mtu, na nimefikia maoni haya: karibu kila mara mnyama wa Afrika alipochorwa kwenye fedha ya Roma, alichorwa kama mali ya mtu. Alikuwa nyara, au kielelezo cha ukoo, au tamasha lililolipiwa na mtawala. Sarafu moja tu ninayoifahamu inanifanya nisite, nayo nitaifikia.

Dinari, ambayo wasomaji wengi wa Kiswahili wanaifahamu kutokana na kisa cha Injili ambamo Yesu anauliza sanamu iliyo kwenye fedha ya kodi ni ya nani, ilianza kupigwa karibu na mwaka 211 KK, Roma ilipokuwa katikati ya vita vyake vya pili na Karthago. Mwanzoni ilikuwa na uzito wa gramu 4.5 hivi, kisha ikatulia karibu na gramu 3.9, na kwa upana haizidi sana milimita 20, yaani ni ndogo kuliko sarafu yetu ya shilingi 500. Ilitengenezwa kwa mkono: kipande cha fedha kiliwekwa juu ya muhuri uliokazwa kwenye fuawe, muhuri wa pili ukashikiliwa juu yake, kisha nyundo ikashuka. Ndiyo maana picha nyingi zimekwenda upande, tembo akakosa mkonga au farasi akabaki bila kichwa, na ndiyo maana mkusanyaji mzoefu hulipa zaidi kwa sarafu ambayo picha yake imekaa katikati kuliko kwa ile inayong'aa tu.

Katika enzi ya Jamhuri, kazi hiyo ilisimamiwa na maofisa watatu walioteuliwa kwa mwaka, kwa kawaida vijana wa familia kubwa waliokuwa ngazi ya chini kabisa ya siasa. Dinari za mwanzo zilikuwa na sura moja isiyobadilika: mungu wa kike Roma akiwa na kofia ya chuma upande mmoja, na ndugu pacha Castor na Pollux wakikimbiza farasi upande wa pili. Katika karne ya pili KK vijana hao wakatambua kwamba wanashika mikononi mwao kitu kinachosomwa na kila mwanajeshi, kila mwenye duka na kila mpiga kura, wakaanza kuweka humo sifa za babu zao. Tembo aliingia kwa mlango huo.

Mwaka 250 KK, Lucius Caecilius Metellus aliwashinda Wakarthago karibu na Panormus, mji ambao leo unaitwa Palermo katika kisiwa cha Sicily, akateka tembo wao wa vita zaidi ya 100 na kuwavusha bahari hadi Roma ili umma uwaone. Ukoo wa Metelli haukuacha tukio hilo lisahaulike. Mmoja wao alipoisimamia kazi ya sarafu mwaka 127 KK, aliweka kichwa cha tembo katikati ya ngao ya Kimakedonia. Mwingine, mwaka 125 KK, alimpandisha Jupita mwenyewe, mkuu wa miungu ya Roma, kwenye gari la vita linalokokotwa na tembo wawili. Na mwaka 81 KK Metellus Pius alipiga dinari yenye tembo akitembea peke yake, kengele ikining'inia shingoni. Hebu fikiria: tembo waliotekwa katika mapigano ya siku moja wanaendelea kuutumikia ukoo mmoja karne moja na nusu baadaye, kwenye fedha ya dola zima. Walikuwa tembo wa Afrika Kaskazini, jamii ambayo imekwisha kabisa, na wachongaji wa mihuri hawakuwaonea katika jambo moja: masikio yao makubwa yapo wazi, na mtu aliyewaona tembo wa hifadhi yetu ya Murchison hatakuwa na shaka kwamba hawa ni ndugu zao.

Sarafu ya tembo iliyo mashuhuri kuliko zote ni ya Julius Caesar. Ilipigwa mwaka 49 au 48 KK, baada ya Caesar kuuvuka mto Rubicon na jeshi lake, kuingia Roma na kuichukua hazina ya dola iliyokuwa ikihifadhiwa katika hekalu la Saturn. Fedha hiyo ndiyo iliyogeuzwa kuwa mishahara ya askari, na sarafu zenyewe zilipigwa kwa wingi wa ajabu, kiasi kwamba hadi leo hazijawa adimu ingawa bei zake hupandishwa na jina la mwenyewe. Upande mmoja tembo anatembea kuelekea kulia, mkonga umeinuka, mguu wa mbele uko juu ya kitu kinachojikunja. Wataalamu wamebishana kwa muda mrefu kama kitu hicho ni nyoka au ni tarumbeta ya vita ya Wagali iliyochongwa mfano wa kichwa cha mnyama. Mimi huiona ni nyoka, kwa sababu katika sarafu zilizohifadhika vizuri nusu yake ya juu imenyanyuka kama inayotaka kuuma, lakini sitagombana na anayeona tarumbeta. Chini yake limeandikwa neno moja tu: CAESAR. Upande wa pili kuna vifaa vya ibada, yaani kata ya kuchotea, kinyunyizio, shoka la kafara na kofia ya kuhani, kwa kuwa tangu mwaka 63 KK Caesar alikuwa kuhani mkuu wa Roma.

Kinachonivutia katika sarafu hii ni kile kilichokosekana. Hakuna kichwa cha mungu wa kike Roma, hakuna jina la ofisa yeyote wa sarafu, hakuna cheo cha kisheria zaidi ya vile vifaa vya ukuhani ambavyo hata adui zake hawakuweza kumnyang'anya. Kuna nguvu inayokanyaga, na jina la mwenye nguvu hiyo. Zaidi ya hayo, tembo alikuwa tayari na mwenyewe: alikuwa mnyama wa Metelli, na mtu wa ukoo huo, Quintus Caecilius Metellus Pius Scipio, alikuwa miongoni mwa viongozi wa upande uliompinga Caesar. Sioni ugumu wowote kuamini kwamba Caesar alimchukua mnyama huyo kwa makusudi, kama alivyoichukua hazina.

Scipio alijibu. Miaka ya 47 na 46 KK, akiwa amejikusanya na mabaki ya jeshi lake katika jimbo la Afrika, eneo ambalo leo ni sehemu ya Tunisia, alipiga dinari yenye kichwa cha Jupita upande mmoja na tembo wa ukoo wake upande wa pili. Kwa hiyo katika vita vile vya wenyewe kwa wenyewe askari wa pande zote mbili walilipwa kwa tembo. Scipio alikwenda mbali zaidi, akapiga sarafu yenye kichwa cha mwanamke aliyevaa ngozi ya kichwa cha tembo, mkonga ukitokeza juu ya paji la uso, suke la nafaka mbele yake na jembe la kukokotwa chini. Huyo ndiye Afrika mwenyewe, nchi iliyofanywa mtu. Nyingine ina kiumbe mwenye mwili wa mwanamke na kichwa cha simba, pamoja na herufi G.T.A., ambazo husomwa kuwa roho mlinzi wa ardhi ya Afrika. Tembo halisi pia walikuwepo, wakiletwa na Juba, mfalme wa Numidia. Yote hayo hayakumfaa Scipio: mwaka 46 KK Caesar alilivunja jeshi lake huko Thapsus, na mwaka huohuo, katika sherehe zake za ushindi, alipanda kilima cha Capitol usiku huku tembo 40 wakimmulikia njia kwa mienge. Miaka miwili baadaye aliweka uso wake mwenyewe kwenye dinari, jambo ambalo hakuna Mrumi aliye hai aliyewahi kufanyiwa katika mji wa Roma, na majuma machache baadaye akauawa.

Mamba ni kisa kifupi zaidi, na kwangu ni kikali zaidi. Octavian, mrithi wa Caesar, alimshinda jemadari Mrumi Antony na Cleopatra, malkia wa Misri, katika mapigano ya Actium mwaka 31 KK, akaingia Alexandria mwaka uliofuata, na mwaka 28 KK akapiga dinari yenye mamba peke yake, amesimama kwa miguu yake minne, kinywa kimefungwa, na maneno AEGVPTO CAPTA, yaani Misri imetekwa. Roma ilipoishinda Uyahudi karibu karne moja baadaye, sarafu zilimwonyesha mwanamke ameketi analia chini ya mtende. Uyahudi ulipewa angalau hadhi ya mtu mwenye huzuni. Misri, nchi ya maandishi na mahekalu yaliyokuwa makongwe kabla Roma haijawa kijiji, ilipewa mnyama wa majini. Kwa ustadi wa uchoraji ni kazi nzuri, magamba ya mgongoni yamechongwa moja moja, lakini sijui kama kuna sarafu nyingine yenye dharau ya kimyakimya namna hiyo. Pia kuna jambo ambalo Octavian hakulitangaza: adui aliyeshindwa pale alikuwa pia Mrumi, na mamba yule alisaidia kuifanya vita ya ndugu ionekane vita ya kigeni.

Kati ya mamba huyo na kiboko nitakayemtaja, mtawala Nero anapita kidogo. Yeye ndiye aliyeanza kuipunguza dinari kwa kiasi kinachoonekana, mwaka 64, akaiteremsha hadi gramu 3.4 hivi na kuchanganya shaba zaidi ndani yake. Yeye pia ndiye aliyewatuma maofisa wawili wa jeshi kwenda kutafuta chanzo cha Nile. Seneca, mwandishi Mrumi wa wakati huo, anasimulia kwamba aliwasikia wenyewe wakieleza jinsi walivyofika kwenye vinamasi visivyo na mwisho, ambamo mimea ilikuwa imesongana na maji kiasi kwamba ni mtumbwi mdogo wa mtu mmoja tu ungeweza kupenya. Maelezo hayo yanafanana sana na vinamasi vya Sudd, katika Sudani Kusini ya leo. Walitaja pia miamba miwili ambayo kati yake mto uliporomoka kwa nguvu kubwa, na wapo waliodhani kwamba hayo ni maporomoko yetu ya Murchison, ambako Nile yote hubanwa katika ufa wa mita 7 hivi na kushuka mita 43. Ningependa iwe kweli, lakini mtu aliyekwamishwa na Sudd hawezi kuwa amefika Murchison, iliyo mbali kusini yake.

Ndipo anakuja Hadrian, mtawala aliyetumia zaidi ya nusu ya utawala wake safarini. Mwaka 130 alisafiri Misri kwa mashua juu ya Nile, na huko ndiko kijana wake mpendwa, Antinous, alikofia majini. Katika muongo wa mwisho wa utawala wake, uliokwisha mwaka 138, zilipigwa sarafu za kukumbuka majimbo aliyoyatembelea, kila jimbo likiwa na umbo lake. Afrika amejilaza ameegemea mkono, kofia ya ngozi ya tembo kichwani, nge katika mkono wa kuume na pembe iliyojaa matunda katika mkono wa kushoto, kapu likiwa miguuni. Misri naye amejilaza, ameshika kayamba ya ibada ya Isis, na ndege kwarara amesimama mbele yake. Kisha kuna dinari yenye neno moja, NILVS, ambamo mto wenyewe ni mzee mwenye ndevu, amelala nusu uchi kama watu wanavyopumzika jioni baada ya kuoga, ameshika tete na pembe ya matunda. Mbele yake kuna kiboko, na katika baadhi ya mihuri kuna mamba majini chini yake.

Hii ndiyo sarafu inayonifanya nisite. Kiboko hakanyagwi wala hakanyagi. Hajavaa kitu, hakuna mtu aliyempanda, na hakuna neno linalosema ametekwa; yuko nyumbani kwake, na mzee anamtazama. Najua kwamba nyuma ya picha hiyo kuna hesabu za kodi na nafaka, kwa kuwa mafuriko ya Nile ndiyo yaliyoilisha Roma, na pembe ile ya matunda haikuwekwa kwa mapambo tu. Najua pia kwamba mafuriko waliyoyashukuru Warumi yalitoka zaidi katika nyanda za juu za Ethiopia, huku maji ya kwetu, ya ziwa Nalubaale, yaani Victoria, yakiwa ni yale yasiyo na kishindo, yanayoufanya mto usikauke wakati wa kiangazi. Hata hivyo, mchongaji aliyeitengeneza sarafu hiyo, katika nafasi isiyozidi ukucha wa kidole gumba, alimwachia mnyama mwili wake na mto wake.

Hali hiyo haikudumu, na haikuwa desturi. Tembo wa dinari za mtawala Titus, mwaka 80, wanahusishwa na michezo ya kufungua uwanja wa Colosseum. Dinari za mtawala Septimius Severus, ambaye mwenyewe alizaliwa Leptis Magna katika Libya ya leo, zina tembo aliyevalishwa deraya pamoja na maneno ya kusifu ukarimu wa mtawala, ukarimu wenyewe ukiwa ni michezo ya kuua wanyama mbele ya umma. Zipo pia sarafu za Severus na wanawe zinazoonyesha jahazi katikati ya uwanja wa mashindano, magari ya farasi yakilizunguka juu na wanyama mbalimbali wakikimbia chini yake. Mwanahistoria Cassius Dio, aliyeishi Roma wakati huo, anaeleza chombo kilichoundwa mfano wa jahazi kikafunguka na kutoa wanyama 400 kwa mara moja, na anasema waliouawa kwa siku 7 walifikia 700. Mwaka 248, mtawala Philip aliposherehekea miaka 1,000 ya mji wa Roma, simba, swala na wanyama wengine waligawiwa kwenye sarafu za familia yake, kila mmoja na namba yake. Kiboko alimwangukia mkewe, Otacilia Severa. Yule kiboko wa Otacilia ana tumbo zuri na kinywa kilichoinuliwa, lakini fedha aliyochongwa kwayo haikuwa tena ile ya Hadrian. Tangu Severus, dinari ilikuwa karibu nusu shaba. Mwaka 215 Caracalla, mwana wa Severus, alianzisha sarafu mpya, yenye sura ya mtawala aliyevaa taji la miale, ambayo kwa kawaida huaminiwa kuwa ilihesabiwa kuwa dinari mbili ingawa haikuwa na fedha ya kutosha dinari mbili, na kufikia mwaka 270 sarafu hiyo ilikuwa na fedha chini ya sehemu 5 kwa 100, iliyopakwa juu tu.

Mganda hahitaji kwenda mbali kuiona desturi hiyo ya Roma. Shilingi ya Afrika Mashariki, iliyopigwa kuanzia mwaka 1921 kwa ajili ya Kenya, Uganda na Tanganyika, ilikuwa na robo moja tu ya fedha, chini hata ya kiwango cha Philip. Upande mmoja kulikuwa na kichwa chenye taji na maandishi ya Kilatini, GEORGIVS V REX ET IND:IMP:, mfalme na mtawala mkuu wa India. Upande wa pili simba amesimama mbele ya milima. Senti ndogo zenye tundu zilikuwa na pembe mbili za ndovu zilizojipinda kulizunguka tundu hilo, mnyama mwenyewe hayupo, zimebaki zile sehemu zake zilizokuwa na bei sokoni. Metellus angeielewa sarafu hiyo bila mkalimani. India ilipopata uhuru, sifa ile ya India iliondolewa kwenye sarafu za kuanzia mwaka 1948, na katika mwaka huohuo fedha iliondolewa kwenye shilingi, ikawa shaba na nikeli.

Sarafu tunazotumia sasa, za mfululizo ulioanza mwaka 1998, zina ngao ya taifa upande mmoja bila uso wa mtu yeyote. Upande wa pili shilingi 50 ina swala, shilingi 100 ina ng'ombe mwenye pembe ndefu, shilingi 200 ina samaki wa jamii ya ngege, na shilingi 500 ina korongo mwenye taji. Tembo, mamba na kiboko, wale watatu ambao Warumi walijigawia, hawamo hata mmoja. Sidhani kwamba aliyechagua alikuwa akiwafikiria Caesar na Octavian, lakini ningeulizwa na Benki Kuu, ningependekeza kiboko aongezwe, bila taji, bila namba ya michezo, na mto uchorwe ukiwa umemfikia kifuani.